Mtoto akirusha mpira, angalia miguu
Mtoto akirusha mpira kila mtu anaangalia umefika wapi, mimi naangalia miguu. Kipimo cha TGMD-3, cha kuangalia watoto wa miaka 3 hadi 10 wanavyotumia mwili kwenye mambo kama kukimbia, kuruka na kurusha, kina stadi 13 na kila stadi ina vigezo vyake, akifanya unaandika 1 asipofanya 0, na anapewa majaribio mawili, mfano kwenye kurusha, anayerusha kwa mkono wa kulia lazima mguu wa kushoto utangulie, na kiuno na bega vizunguke. Juzi kabinti ka miaka 4 karusha mbali kweli, ila miguu imeganda chini, mkono tu ndo unafanya kazi! Ukipima umbali peke yake hilo hulioni kabisa. Tulipomaliza kupima nikachora alama ya kukanyaga, kakarudia weee, mwishowe mguu ukatoka wenyewe.