Nilivyofuatilia pesa ya zimamoto ndani ya kodi ya halmashauri, England

Mamlaka ya zimamoto ya eneo letu ilipoomba maoni ya wananchi kuhusu bajeti, sikutaka kujibu kwa kukisia. Nilianza na bili ya kodi ya halmashauri, yaani kodi ya nyumba za kuishi inayokusanywa na serikali za mitaa. Kwa kawaida zimamoto na uokoaji wana mstari wao, chini ya polisi na halmashauri. Usipouona, usidhani hulipi: kwenye baadhi ya kaunti pesa hiyo imo ndani ya bajeti ya kaunti, na London imo kwenye fungu la Greater London Authority, mamlaka ya jiji zima.

Kila nyumba ina daraja, A hadi H, kwa thamani yake ya Aprili 1, 1991. Kipimo ni D, madaraja mengine hukokotolewa kwayo. Chukua kiwango cha kodi cha D, gawanya kwa 9, kisha zidisha: A kwa 6, B 7, C 8, E 11, F 13, G 15, H 18. Tuseme D ni pauni 90, basi A atalipa 60 na H 180. Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa robo.

Kiwango cha D chenyewe hutokana na bajeti ikishaondolewa ruzuku ya serikali na mgawo wa kodi ya majengo ya biashara. Kinachobaki hugawanywa kwa nyumba, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu hazihesabiwi nyumba zilizosimama mtaani. Kwanza huondolewa zenye msamaha, kama zinazokaliwa na wanafunzi watupu, hukatwa punguzo na makadirio ya wasiolipa, halafu zote hugeuzwa kuwa sawa na D.

Kwa mwaka 2025/26 mamlaka hizi ziliruhusiwa kuongeza hadi pauni 5 kwa D bila kuitisha kura ya wananchi. Nikapiga hesabu ya nyongeza hiyo bila punguzo lolote: nyumba 1,000 za A huleta kama pauni 3,300, nyumba 1,000 za E huleta 6,100. Maeneo maskini ndiyo yenye moto mwingi majumbani, na ndiyo yenye A nyingi. Hilo silikubali hata kidogo. Niliunga mkono nyongeza, nikataka mamlaka iidai serikali ruzuku inayofuata hatari ya moto.

Nilituma Januari. Kiwango lazima kitolewe kabla ya Machi 1, na baada ya hapo bili huandaliwa.