Uso wa shaba na safari ya elektroni

Vipimo vya leo vimenifurahisha mno! Tumepima, kwa kifaa cha sindano nne zinazogusa uso na kupitisha umeme, utando wa shaba wenye unene wa nanomita 20, na ukinzani wake mahususi (yaani kiasi ambacho mata yenyewe huzuia umeme) umeupita mbali ule wa shaba nene. Kwenye joto la kawaida, elektroni ndani ya shaba husafiri wastani wa nanomita 39 hivi kabla ya kutawanywa. Utando ukiwa mwembamba kuliko hapo, uso wenyewe unageuka kizuizi. Uso laini huirudisha elektroni ndani bila kuipunguzia mwendo wa mbele. Penye vishimo na ngazi za atomu, inatupwa ovyo. Mwanafizikia Klaus Fuchs alishalipigia hesabu jambo hili mwaka 1938! Mipaka ya chembechembe za fuwele, yaani maungio ya vipande vidogo vinavyounda shaba, nayo inachangia, ila mimi uso ndio unaoninyima usingizi. Kesho tunaupasha utando moto taratibu, kisha tunapima tena.