Siku moja maishani mwangu: natunza hadubini isiyo na pa kuweka jicho

Saa 11:30 alfajiri. Naamka, najimwagia maji, nakunywa chai ya rangi na chapati iliyobaki jana, napanda bodaboda. Mwezi huu wa nane Dodoma asubuhi ni baridi, na upepo wenye vumbi unaanza kabla jua halijapanda. Mtaani kwangu wanajua nafanya kazi maabara, basi. Jirani akishikwa na homa ananiuliza kama nitampimia malaria nikirudi jioni. Kueleza kazi yangu nikiwa nimesimama mlangoni nimeshindwa, kwa hiyo naeleza hapa.

Hadubini ninayoitunza chuoni, inayoitwa hadubini ya nguvu za atomu (AFM), haina pa kuchungulia. Ndani yake kuna kimkono cha silikoni chenye urefu wa mikromita 125 hivi na unene wa mikromita 4, chembamba kuliko unywele. Mwisho wa kimkono kuna ncha, sisi tunaiita sindano, ambayo ikiwa mpya nusukipenyo chake hakizidi nanomita 10. Milimita moja ina mikromita elfu moja, au nanomita milioni moja. Sindano inapapasa sampuli mstari kwa mstari. Leza inapiga mgongoni mwa kimkono na kurudi kwenye kihisi kilichogawanywa sehemu nne. Kimkono kikiinuka hata kidogo, doa la nuru linahama na kompyuta inaandika kimo. Mistari 512, kila mstari pointi 512. Kinachotoka ni jedwali la vimo, na rangi tunapaka baadaye ili macho yaelewe. Mababu wa mashine hii ni Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, waliounda ile ya kwanza Zurich mwaka 1981, iliyotumia mkondo wa umeme. Hii ya kwangu, inayoweza kupapasa hata vitu visivyopitisha umeme kama kioo, protini na DNA, ilikuja mwaka 1986 kwa kazi ya Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber.

Saa 1 asubuhi. Nafungua, nafuta vumbi, nawasha leza mapema ipate joto lake litulie. Mashine imekaa juu ya bamba la graniti, jiwe ambalo Dodoma tunalo la kutosha, na bamba lenyewe limening'inizwa kwa mipira ile ya bodaboda ya kufungia mizigo. Mgeni akiona mipira ile anadhani ni ufundi wa dharura. Ndiyo inayoiokoa kazi. Lori likipita nje au mtu akibamiza mlango wa korido, mtikisiko unaingia kwenye picha kama mawimbi, na mawimbi hayo ni makubwa kuliko kitu ninachokitafuta. Kiyoyozi nacho nakizima wakati wa kupima. Ikifika saa 8 mchana chumba kinakuwa tanuri, na mimi nimo ndani.

Saa 2. Napima kipande cha silikoni chenye vishimo ambavyo kina chake kinajulikana. Namba zimelingana. Tunaanza.

Saa 4 kasorobo akaja mtafiti mmoja, mtu mzima, mwenye daftari lililojaa na mfuko wa plastiki wenye unga mweusi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Dokta." "Marahaba, binti. Nimeambiwa hapa mnapiga picha hadi atomu. Nina ripoti ya kuwasilisha Ijumaa."

Unga ule ni makaa ya mifupa ya ng'ombe. Nilifurahi kuuona, kwa sababu ni kazi inayotugusa. Maji ya visima vya sehemu nyingi za Singida na kaskazini yana floraidi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kama kikomo, na watoto wanaoyanywa wanakua na meno yenye madoa ya kahawia, wengine hadi mifupa inaharibika. Mifupa ikichomwa bila hewa nyingi, makaa yake yanashika floraidi. Dokta alitaka kuonyesha jinsi uso wa makaa ulivyo, vinundu na vitundu, kwa sababu ukubwa wa uso huo ndio unaosaidia kukadiria floraidi itakayoshikwa.

Nikamweleza kwa heshima kwamba punje zake zina nusu milimita, na sindano yangu haiwezi kupanda wala kushuka zaidi ya mikromita 10 hivi. Unga wa namna hii upelekwe kwanza kwenye hadubini ya elektroni, au punje zizamishwe kwenye resini, gundi nzito inayoganda ikawa ngumu, zisuguliwe mpaka zipate uso bapa. Akasema barua yake imeshasainiwa na mkuu wa idara. Nikasema barua naiheshimu, lakini haipunguzi ukubwa wa punje. Akavuta kiti, akaketi. "Jaribu tu, binti. Mimi nipo."

Nikagandisha unga kwa gundi ya pande mbili, nikapuliza chembe zilizolegea, nikatafuta kwa kamera ndogo punje iliyoonekana bapa kuliko zingine. Kupata doa la leza lisimame katikati kulinichukua muda, huku yeye akiongea na simu nyuma yangu, mguu ukigongagonga sakafu. Kila akigonga, naliona kwenye skrini. Nikamwomba atulie. Akatulia, kisha akasahau.

Mistari ya kwanza ilikuja safi. Halafu sindano ikakutana na ukingo wa punje, mstari ukaruka juu na kukatika. Mtu akizoea anajua hapohapo. Nikasogeza eneo, nikapunguza upana na kasi, nikaendelea, na dakika chache baadaye skrini ikajaa pembetatu. Nzuri kweli, zimepangana vizuri, kila moja na kona yake kali.

Dokta akasimama. "Hizo! Hizo ndizo chembe zangu! Nitolee hiyo."

Angalia picha ile kwa karibu uone nilichokiona mimi. Pembetatu zote zilikuwa na umbo moja. Zilitofautiana ukubwa kidogo tu, na kona zote kali zilielekea upande mmoja, juu kushoto. Mfupa uliochomwa haujipangi hivyo. Sindano ikivunjika inabaki na kisiki cha pembe tatu, na ikipita juu ya kinundu kilicho kidogo kuliko kisiki hicho, kinundu ndicho kinachoipapasa sindano. Unapata sura ya kisiki, mara mia.

Nikamwambia, hakukubali. Nikamwomba dakika kumi. Nikaitoa sampuli, nikaizungusha nyuzi 90, nikaanza upya. Kama pembetatu ni za makaa, lazima nazo zizunguke. Tukakaa tukitazama mistari ikishuka, polepole, yeye ameacha simu sasa. Pembetatu zikaja. Juu kushoto, vilevile.

Alinyamaza, kisha akasema jambo lililonichosha kuliko kazi yote ya asubuhi: "Lakini nani atajua?"

Nilimjibu kwamba mimi najua, na sasa na yeye anajua. Ripoti hiyo ikitoka, mwingine ataisoma, ataukadiria uso wa makaa kwa pembetatu zisizokuwepo, atatengeneza chujio, na chujio litapelekwa kijijini kwa watu wasio na namna ya kulihakiki. Nikamwandikia kwenye karatasi namna ya kuandaa sampuli, nikaandika kwenye daftari la mashine: sindano imevunjika, data zisitumike. Sindano moja ni makumi ya dola, na ikiisha akiba tunasubiri mzigo kutoka nje wiki na wiki. Hakuaga vizuri.

Mchana nikala wali maharage kwa mama ntilie, haraka. Nikarudi, umeme ukakatika katikati ya kipimo cha bamba la alumini la mwanafunzi wa uhandisi. UPS, betri ya akiba, ilinipa muda wa kuinyanyua sindano tu. Umeme uliporudi joto lilishabadilika, na kila picha ikawa inainama, kwa sababu sampuli yenyewe inatanuka na kusogea nanomita chache kila dakika. Hapo hakuna cha kufanya ila kungoja. Nilingoja, mgongo unauma, shati limelowa, simu ya nyumbani inaita na siwezi kuipokea chumbani.

Jua likazama. Watu wakaondoka, milango ikatulia, na hapo ndipo kazi niipendayo inapowezekana.

Mwanafunzi wa baiolojia alikuwa na DNA, plasmidi, yaani DNA iliyofunga duara, ya jozi 3,000 za besi, vile vidato vya ngazi ya DNA. Tunaiweka juu ya ulanga (mica), madini yanayong'aa yenye matabaka membamba. Ulanga ulichimbwa miaka mingi enzi za ukoloni milimani Uluguru, saa chache tu kutoka hapa, na inaniuma kwamba sisi tunanunua vipande vilivyokatwa duara kutoka ng'ambo. Unabandika selotepu, unavuta, tabaka la juu linatoka, na chini yake uso ni tambarare hadi ngazi ya atomu, safi, haujawahi kuguswa na hewa. Ulanga na DNA vyote vina chaji hasi, vinasukumana, kwa hiyo tone linachanganywa na nikeli kidogo ivishikanishe. Unasubiri dakika chache, unasuuza, unakausha kwa kipulizio cha mpira.

Sindano mpya. Kila mtu kimya. Mstari, mstari, mstari, halafu uzi mwembamba ukaanza kujikunja upande wa kulia wa skrini, ukapinda, ukarudi, ukafunga duara.

"Madam, ndiyo yenyewe?"

"Hatujui bado. Zungusha sampuli."

Akazungusha. Nyuzi nazo zikazunguka. Tukapima kimo: nanomita 0.7, ingawa vitabu vinasema DNA ina kipenyo cha nanomita 2. Akashtuka. Nikamweleza kwamba imekauka, imelala kwenye chumvi, na sindano inaibonyeza. Upana ulisoma nanomita 15, na huo usiuamini hata kidogo, kwani umechanganyika na unene wa ncha yenyewe. Urefu ndio wa kutegemea. Kila jozi ya besi inachukua nanomita 0.34, kwa hiyo jozi 3,000 ni nanomita 1,020. Akaufuata uzi kwa kipanya taratibu, ulimi nje, akapata 1,008. Akapiga kelele hadi mlinzi akaja kuchungulia, nasi tukamwonyesha, akauliza maswali mazuri kuliko ya wageni wengi wenye vyeo.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofunga. Nikiwa nyuma ya bodaboda simu ikaingiza ujumbe wa Dokta: ameahirisha kuwasilisha, amepata resini, je, asugue kwa msasa upi? Nimemjibu aanze na wenye chembe kubwa, amalizie na poda laini kuliko zote atakayoipata, alete Jumatatu saa 1 asubuhi kabla malori hayajaanza kupita. Sindano mpya nimemwekea.