Mpira Mwekundu

Mwaka 2011 nilikuwa mwanagenzi katika gereji moja ya Malindi, na wateja wetu wakubwa walikuwa malori yanayoteremsha chumvi kutoka Gongoni. Chumvi ikikutana na unyevu wa pwani hula breki za upepo pasipo huruma: ncha za mipira ya kupitishia upepo hufanya kutu pale zilipobanwa, na tangi la upepo lisipofunguliwa kila siku kumwaga maji hutoa uji wa rangi ya kahawia.

Jioni moja dereva alituletea trela ambalo mpira wake mwekundu, ule unaotoka kwenye kichwa cha lori kwenda kujaza matangi ya trela, ulikuwa umesuguliwa na bati hadi nyuzi za ndani zikaonekana, kwa kuwa springi ya kuuning'iniza ilikuwa imekatika. Maduka yalikuwa yamefungwa na fundi mkuu alikuwa amekwenda kuswali magharibi. Nikauzungushia mkanda wa tyubu mara sita, nikaukaza kwa waya, nikajiona fundi kamili. Fundi aliporudi sikumwambia neno.

Kesho yake tuliitwa karibu na daraja la Sabaki. Lori lilikuwa limesimama katikati ya njia na shehena yake, matairi ya trela yamejifunga, kwani mpira huo ukipoteza upepo breki za trela hushika zenyewe. Breki hizo zimeundwa hivyo makusudi, na siku ile nilishukuru kimyakimya.

Fundi aliamuru injini iwashwe, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye viungio vyote. Mapovu hayakutokea kwenye kiungio chochote wala penye msuguo, bali mwisho wa mkanda wangu, shibiri nzima kutoka kwenye tundu, kwa sababu upepo ulikuwa umejipenyeza chini ya tyubu.

"Nani kafunga hiki?"

"Ni mimi, Fundi."

"Basi kifungue mwenyewe."

Nilikifungua mbele ya dereva, utingo na abiria wa matatu tuliowazibia njia. Tulifunga mpira mpya na springi mpya, tukajaza upepo, tukazima injini, utingo akakanyaga breki huku Fundi akiikodolea macho geji kwa dakika kadhaa, mshale haukuteremka.

Bei ya mpira ilikatwa kwenye ujira wangu wa wiki mbili. Ya springi aliilipa dereva, naye alilalamika kunishinda.