Jinsi nilivyothibitisha cheti cha ndoa cha dada yangu kwa matumizi ya Dubai

Shemeji alipotuma ujumbe kwamba kibali cha dada kumfuata Dubai kimekwama, nilidhani muhuri wa wakili juu ya nakala ungetosha, kumbe wakili huthibitisha tu kwamba nakala inafanana na cheti, wala si kwamba cheti chenyewe kimesajiliwa. Umoja wa Falme za Kiarabu haumo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, ambao nchi wanachama wake hukubaliana hati kwa muhuri mmoja tu, kwa hiyo mihuri hufuatana kwa zamu: uhakiki wa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili ndoa, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wao Dar es Salaam.

Tulikwama katika hatua ya kwanza. Ndoa ilifungwa Mikindani na cheti kilikuwa halali, ila nakala iliyopaswa kupelekwa RITA haikuwahi kufika. Nilimwendea shehe aliyefungisha, nikamwamkia, akafungua sanduku la bati na kutoa kitabu chake cha vyeti. Kipande cha cheti kilichobaki kitabuni, chenye namba ileile, kilikuwepo, wino umefifia lakini sahihi za mashahidi zinasomeka. Kwa kipande hicho na barua ya shehe, ndoa ikasajiliwa, nami nikaomba uhakiki.

Nilisafiri na cheti halisi ndani ya bahasha ngumu, bila kukipiga laminesheni, kwani muhuri haushiki juu ya plastiki. Wizarani walilinganisha sahihi ya msajili, wakagonga muhuri. Ubalozini nilikabidhi na kusubiri. Dada ameshapata kibali.