Idi Ilinikuta Valletta

Ramadhani ya mwaka 2023 ilikuwa ukingoni nilipotua Malta kwa ajili ya kongamano la nne la ribriza, mtambo wa kuzamia unaomrudishia mzamiaji pumzi yake mwenyewe. Watu wa fani hii hawakutani ovyo. Kongamano la kwanza lilifanyika Key West, Florida, mwaka 1994, la pili California mwaka 1996, la tatu Orlando mwaka 2012. Kisha ikapita miaka zaidi ya kumi hadi hili la Valletta, tarehe 20 hadi 22 Aprili. Kwa mwendo huo, nikilikosa hili, lijalo lingeweza kunikuta nimeshaacha kazi ya maji. Kituo ninachofundisha uzamiaji, kaskazini mwa Unguja, kilinilipia tiketi ya ndege, mengine nikajazia mwenyewe.

Kwa asiyeijua ribriza, nieleze kidogo. Mzamiaji wa kawaida huvuta hewa ya mtungini na kuitoa yote majini, mapovu yakapanda juu. Mapovu yale yana oksijeni tele ambayo mwili haukuitumia. Ribriza haiimwagi. Pumzi unayotoa inapitishwa kwenye kopo lililojaa chembe za chokaa, chokaa inanasa hewa ukaa, vihisi vinapima oksijeni iliyobaki, mtambo unafidia ile uliyotumia, nawe unavuta tena pumzi ile ile. Hakuna mapovu, hakuna kelele, na samaki wanakusogelea. Kwa gesi kidogo unakaa chini saa kadhaa, tena kwenye kina ambacho kwa mitungi ya kawaida ungehitaji kubeba shehena.

Lakini pumzi hiyo unayoirudia inaweza kukuua bila kukuonya. Oksijeni ikipungua, unazimia kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Ikizidi, unashikwa na degedege. Chokaa ikichoka au ikipakiwa vibaya, hewa ukaa inakujaa, unahema usipate nafuu, akili inavurugika hata kuhamia mtungi wa akiba kunakushinda.

Kongamano lilikuwa kwenye jengo kubwa kando ya bandari, lililojengwa karne ya 16 kuwa hospitali ya watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana. Wodi yake kuu ina urefu wa mita 155. Nilipita mle nikiwa na saumu yangu, wenzangu wakiwa na vikombe vya kahawa, na kila hatua nikasikia mazungumzo ambayo nyumbani sipati wa kuzungumza naye. Wengi walikuwa na hamu ya habari za Dk. Richard Harris, yule daktari wa Australia aliyeshiriki kuwaokoa vijana pangoni Thailand mwaka 2018. Miezi miwili tu kabla, mwezi Februari, alikuwa amezama mita 230 kwenye pango la Pearse Resurgence, New Zealand, akiwa na haidrojeni ndani ya ribriza. Nami nilisikiliza kwa hamu. Ila kilichonishika zaidi ni namna watu wale walivyozungumza juu ya vifo.

Wanavihesabu. Dk. Andrew Fock alikusanya habari za vifo vya watumiaji wa ribriza kuanzia mwaka 1998 hadi 2010, akapata 181, na akakadiria kwamba hatari ya kufa kwa ribriza ni kati ya mara 4 na mara 10 ya ile ya mitungi ya kawaida. Watengenezaji wa mitambo hiyo walikuwa ukumbini, wauzaji pia, na watu waliozika marafiki, na hesabu za namna hii hazikumfanya mtu ainuke kwa hasira. Waliuliza tu: kopo lilipakiwa na nani? Vihisi vilikuwa na umri gani? Mwenzake alikuwa wapi?

Nilimkumbuka mtoto wa ami yangu. Alikuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mitungi ya kukodi, na siku moja alipandishwa juu hana fahamu, hakuamka tena. Tulisoma hitima, tukasema ni ajali ya bahari, basi. Hakuna aliyeuliza mtungi ulibaki na hewa kiasi gani, wala alikuwa kina gani. Mimi ni Muislamu na ninaamini siku ya mtu ya kufa imeandikwa. Ninaamini pia kwamba ngamia hufungwa kwanza, tawakali ikafuata. Kutouliza si subira.

Mada iliyonikaa zaidi ilihusu mkanda, mkanda mdogo tu unaopita kisogoni na kubana kile kipande cha kuvutia pumzi kisitoke mdomoni. Mzamiaji akizimia, taya hulegea, maji yakaingia, na mara nyingi kinachomuua ni maji hayo kuliko gesi yenyewe. Madaktari wa jeshi la Ufaransa walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa ajali 153 za kudhuriwa na gesi zilizowapata wazamiaji wao katika muda wa miaka kama 30. Waliozimia majini ni 54. Waliokufa ni 3. Wazamiaji wale hufunga mkanda huo, na huzamia wawili wawili, wenzao wakiwa karibu. Nilizisoma namba hizo mara mbili mbili kwenye daftari langu. Kitu cha bei ndogo hivyo, na wapo wanaokikataa kwa kuwa kinabana au kwa kuwa hawakuzoea! Mimi sioni hoja hapo.

Niliandika pia habari ya zile dakika tano za kuvuta pumzi ya mtambo nchi kavu kabla ya kuzama, ili kuona kama chokaa inafanya kazi, ambazo wengi tulifundishwa kuziamini. Watafiti wa Auckland, akiwamo Profesa Simon Mitchell, waliwajaribu watu kwa mtambo usio na chokaa kabisa, na robo yao walimaliza dakika tano bila kushtuka. Chokaa ilipokuwa na hitilafu ya sehemu tu, asilimia 90 hawakugundua lolote. Orodha ya ukaguzi iliyoandikwa, inayosomwa kwa sauti kipengele kwa kipengele, haina mbadala.

Jioni ile nilitoka nje kungoja magharibi ukutani, juu ya bandari. Bwana mmoja wa makamo akanijia na tende mkononi. "Shekhe, umefunga?" Kiswahili! Alikuwa mtu wa Maskati, bibi yake mzaa mama alizaliwa Wete. Tulifuturu pamoja kwa tende na maji, na mazungumzo hayakuisha hadi usiku.

Tulizungumza sana juu ya samaki mmoja. Mwaka 2019 wataalamu, baadhi yao wa California Academy of Sciences, walitangaza aina mpya ya samaki, Cirrhilabrus wakanda, mwenye magamba ya zambarau iliyokolea. Walimkuta mashariki ya Zanzibar, kina cha mita 50 hadi 80, wakizamia kwa ribriza. Mimi na wageni wangu mwisho wetu ni mita 40. Samaki anaanza chini ya pale sisi tunapogeuza. Bahari ni yetu, na walioteremka kumwona wametoka upande wa pili wa dunia. Siwalaumu hata kidogo, nawashukuru. Lakini ninataka vijana wa Matemwe na Kizimkazi wawe kwenye safari ya namna hiyo, wakiwa chini na si wa kushika usukani wa boti tu.

"Na heliamu mnayo," akasema yule bwana. Kweli. Kwa kina kile huchanganywa heliamu ili naitrojeni isileweshe, na tangu mwaka 2016 dunia nzima inajua kwamba Rukwa kuna heliamu nyingi ardhini. Hadi ninaondoka Unguja, kupata mtungi mmoja wa gesi hiyo kwa ajili ya kuzamia ilikuwa shida tupu.

Idi ilipoingia tulivuka hadi Paola, kwenye msikiti wa Mariam al-Batool, tukasali, tukapeana mikono na Walibya na Wasomali, kisha tukarudi mbio kongamanoni na kanzu zetu. Tulikaa kusikiliza maazimio. Kila azimio lilisomwa na kujadiliwa neno kwa neno, na mtu yeyote aliruhusiwa kusimama. Ule mkanda ulipojadiliwa nilikuwa mbele kabisa.

Niliporudi Unguja nilianzisha daftari la ajali, si kwa watu wa kituo chetu peke yake, bali na kwa wazamia majongoo wanaokubali kusimulia. Ukurasa wa kwanza ni wa mtoto wa ami yangu: kina, idadi ya mitungi siku ile, nani alikuwa naye. Wenzake wawili wamekubali kuzungumza. Wa tatu yuko Mkokotoni, na nikipita huko kununua samaki humtafuta, tukaongea ya nyavu na ya mashine za boti, hadi atakapokuwa tayari.