Kumbukumbu ya mradi: "Sinia", hadithi ya nyumba ya Mkomani

Kwa wanaofuatilia mkusanyo wangu wa hadithi fupi za Lamu: nimeziweka nyingine zote kando kwa sasa, nimezama kwenye hii moja. Bi. Zena ni mjane mwenye nyumba ya mawe mtaa wa Mkomani, na mji mzima unamsifu kwa futari anayopeleka msikitini kila Ramadhani. Huko juu kwenye meko yuko Mwanaidi, mtoto wa miaka 12 aliyeletwa kutoka upande wa Mto Tana kwa ahadi ya kusomeshwa. Hajasomeshwa. Wote wawili nimewabuni, ila aliyekulia pwani hatawaona wageni.

Kaskazi: kuipima nyumba

Kabla ya kuandika sentensi yoyote nilitaka kujua nani anasikia nini. Nikaenda kuitembea ile nyumba ya zamani inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, chumba kwa chumba, daftari mkononi.

Nyumba ya Lamu inampokea mgeni kwa hatua. Kwanza daka, pale nje, anapokaa yeyote. Halafu mlango, halafu tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda ili aliyesimama mlangoni asione ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, halafu misana, kumbi ndefu zinazotazama ua huo, mwisho ndani kwenyewe, pale penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi dari kwa upana unaozidi mita 3 hivi. Mgeni wa kiume anaishia dakani, au anapandishwa sabule, chumba cha wageni. Mekoni hafiki hata siku moja, maana meko yako juu kabisa, chini ya paa la makuti.

Nilipofika huko juu ndipo hadithi yangu iliposimama. Chini kuna ukuta wa mawe ya matumbawe mnene kiasi cha kumeza sauti ya mtu anayelia. Juu kuna makuti na upepo tu. Nyumba zimesongamana hivi kwamba kikohozi cha mekoni kinasikika nyumba ya pili, na ya tatu. Penye wikio, chumba cha mtu kinapita juu ya kichochoro hadi kugusa ukuta wa mwenzake. Kwa hiyo nyumba ile inamficha Mwanaidi kwa wageni, wala haimfichi kwa majirani. Majirani wanajua.

Nani anasimulia

Baada ya kugundua hilo, msimulizi alikuwa mmoja tu: mtaa. "Sisi wa Mkomani tulimjua Bi. Zena kwa mkono wake wazi." Ndivyo inavyoanza. Sauti hiyo inamsifu kwa dhati, na katika kumsifu inataja mambo iliyoyaona. Tulisikia, tulidhani, tulisema labda. Sitaki msomaji ashtukizwe ukurasa wa mwisho kwamba kumbe mama yule ni katili. Hadithi za namna hiyo zinampa msomaji raha ya kugundua, kisha zinamwachia aende zake. Nataka ajue tangu ukurasa wa pili, aendelee kukaa na watu wanaojua kama yeye.

Kopo la sukari

Sehemu hii imekaa. Ninaiweka hapa kama ilivyo:

"Kila alfajiri, akishaswali, Bi. Zena hupanda mekoni na kufungua kopo la sukari. Husawazisha uso wa sukari kwa mgongo wa kijiko, taratibu, mpaka ukawa laini kama chokaa mbichi. Kisha kwa ncha ya kidole huandika herufi zai ya Kiarabu, na nukta yake juu. Kopo halina kufuli. Jioni hulifunua mbele ya mtoto, akaitazama ile nukta."

Awali palikuwa na kipigo katika hadithi. Nimekitoa. Msomaji akiona fimbo hupata pa kujificha: mimi sipigi, basi mimi si kama yule. Bi. Zena hapigi, wala hapazi sauti. Kila neno lake linaanza na "mwanangu". Nukta ikiwa imepotea, mtoto husimama juu ya sakafu ya paa, nje ya kivuli cha makuti, miguu mitupu, kuanzia saa sita mchana hadi adhana ya alasiri. Aliyewahi kukanyaga sakafu ya chokaa wakati wa kaskazi anajua jua la saa hiyo linavyofanya. Na paa linaonekana kutoka paa jingine.

Kwa nini miaka 12, na kwa nini leo

Mwenzangu mmoja anayesoma rasimu alishauri niirudishe hadithi nyuma, enzi za masultani, eti itapendeza zaidi. Nimekataa. Utumwa ulifutwa kisheria huku pwani mwaka 1907, na msomaji akiwekwa kabla ya hapo atapumua: yale yamepita. Historia nimeiachia sentensi moja tu, pale Bi. Zena anapojisifu kwamba nyumba ya nyanya yake haikupungukiwa na watu wa kutumwa.

Katika hadithi yangu kila mtu ana simu, na simu ya kuwasaidia watoto, 116, hailipishwi. Umri nao nimeuchagua kwa makusudi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 13. Bi. Zena hana wasiwasi na sheria hiyo, kwa kuwa kwake yeye Mwanaidi hakuajiriwa. "Namlea kama niliyemzaa," anasema, na mtoto wa nyumbani halipwi mshahara. Wanaomsikia wanaitikia mashallah. Hiyo ndiyo sentensi iliyonitia hasira kuliko zote nilipoiandika, kwa sababu nimeisikia kwa masikio yangu kwenye harusi, ikisemwa na watu ninaowapa mkono.

Baada ya Isha, kwa shangazi

Nilimsomea shangazi yangu rasimu nzima. Alinyamaza hadi mwisho, akaomba nirudie kipande cha majirani. Kisha akasema:

"Mwanangu, hawa umewafanya waoga tu. Huyo bibi yao hawapelekei kitu?"

"Anapeleka msikitini, shangazi."

"Na nyumba za mtaani je? Mtu wa sifa hapeleki msikitini pekee. Hao wamekula kwake. Na kesho watamtaka: mtoto ataolewa, maiti atazikwa. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Maneno hayo yameipindua hadithi. Sasa kila Idi masinia yanatoka kwa Bi. Zena kwenda nyumba kumi, yamefunikwa kawa, na anayeyabeba ni Mwanaidi. Yeye ndiye aliyechuja tui tangu usiku, akachoma mkate wa sinia, akapanga sambusa kwa mduara. Analifikisha kila sinia likiwa na moto wake, naye hajatia kitu mdomoni. Ukarimu wa Bi. Zena wote unatoka kwenye mikono ile. Ukimwondoa mtoto yule mekoni, sifa ya nyumba inakwisha wiki hiyo hiyo, na mtaa ungelazimika kupika wenyewe. Nilikuwa nikifikiri ninaandika juu ya heshima inayofunika ukatili. Kumbe ukatili ndio unaoipikia.

Nilipofika

Hatimaye nina mwisho. Polisi haingii, na Bi. Zena haadhibiwi. Siku ya Idi, jirani mmoja wa upande wa wikio anapokea sinia, halifunui, analibeba mwenyewe hadi dakani kwa Bi. Zena wakati wanaume wametoka msikitini na njia imejaa watu, analiweka chini, anaondoka. Hapo msimulizi wangu anavunjika. Kwa mara ya kwanza mtaa hausemi "tulifanya". Unasema "mmoja wetu alifanya", na kisha unaanza kujitetea.

Mazungumzo ya Kiamu, lahaja ya Lamu, nitayapitia tena na shangazi. Kazi kubwa iliyobaki ni nusu ukurasa. Jirani amefanya jambo la ushujaa mbele za watu, akarudi kwake, akafunga mlango. Sinia bado liko dakani, na anayetumwa kuliingiza ndani ni Mwanaidi. Aibu ya siku ile Bi. Zena ataimalizia kwa mtoto huyo. Siwezi kumwacha jirani na ushujaa wake bila kuandika mtoto alilipiaje, na nataka kipande hicho akiseme Mwanaidi mwenyewe, si mtaa. Juzi nimepata sentensi yake ya kwanza: "Lilikuwa zito kuliko nilipolitoa."